NENO LA KATIBU WA TAWI: Nyaya zetu hukaguliwa siku moja tu

Ndugu wanachama,



Ujumbe huu ni mrefu kuliko kawaida yangu, naomba usomwe mpaka mwisho. Wengi mmeniuliza kwa simu kilichotokea ofisini kwetu Jumapili jioni, na wengine tayari mnasimuliana kwamba ofisi imeungua. Ofisi haijaungua. Ila ilikaribia, na mwenye kosa la kwanza ni mimi.

Mliokuwepo mnakumbuka. Kikao cha akina mama kilikuwa kinaendelea, spika zimewashwa, feni inazunguka, na kwenye kona ya nyuma kulikuwa na birika la umeme na jiko la sahani moja kwa ajili ya chai. Mama mhazini ndiye aliyesikia harufu ya plastiki kabla ya mtu yeyote. Tulidhani ni birika. Tulipolisogeza kabati la mafaili tukakuta soketi iliyo nyuma yake imeshakuwa nyeusi, na ukuta juu yake una moshi kiasi cha kiganja. Kwenye rafu ya chini ya kabati hilo kuna daftari la wanachama, stakabadhi za ada za miaka sita na hati ya kiwanja. Kijana mmoja alikimbia kuzima mein swichi. Akasema imemchoma mkono kwa joto.

Kesho yake nilimwomba mkandarasi mmoja mwenye leseni, ndugu wa mwanachama mwenzetu, aje atutazamie bila malipo. Alifungua boksi la breka akanyamaza kwa muda, halafu akaniita. Alinionyesha mambo matatu. Soketi zote za ofisi zimesukwa kwa waya wa 1.5, ule wa taa, badala ya 2.5. Breka ya soketi ni ya ampia 40, kwa sababu inaonekana ile ya awali ilikuwa inakatakata na mtu akaona dawa ni kuweka kubwa zaidi. Na waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaotakiwa kushuka mpaka kwenye fimbo iliyozikwa ardhini, umeingia ukutani na kuishia humo. Hakuna fimbo. Nyuma ya soketi iliyoungua nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, basi.

Mimi ni mtu wa mahesabu, kwa hiyo niliporudi nyumbani nilikaa na karatasi. Birika letu ni wati 2,000. Jiko la sahani moja 1,500. Spika, feni na printa tuseme 500. Jumla 4,000. Gawanya kwa volti 230 unapata zaidi ya ampia 17. Waya wa 1.5 uliofichwa ukutani kwa kawaida huwekewa breka ya ampia 6 au 10. Breka yetu ya 40 haikuona shida yoyote, kwa sababu kwa hesabu yake tulikuwa hatujafika hata nusu. Breka ipo kuulinda waya. Ukiweka breka inayobeba mzigo kuliko waya, basi waya ndiyo unageuka kuwa fyuzi, na wetu ulikuwa umepita nyuma ya kabati la karatasi.

Mkandarasi aliniongezea jambo moja ambalo sikulijua. Joto la waya halipandi sawasawa na mzigo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ndiyo maana nyumba inaweza kukaa miaka mitano na nyaya mbovu bila tatizo, kisha siku ya shughuli, wageni wakija na mapishi yakiongezeka, inawaka.

*Sasa kosa langu*

Nilifungua faili la ujenzi wa ofisi. Hati ya malipo ipo, imeandikwa "Fundi umeme – Sh 180,000", na saini iliyoidhinisha ni yangu. Hakuna risiti. Hakuna namba ya leseni. Hakuna mchoro. Nyuma yake imebanwa bei ya mkandarasi aliyetuandikia kabla: Sh 520,000, vifaa vyake vimeorodheshwa kimoja kimoja, na fimbo ya ethi ikiwemo. Tofauti ni Sh 340,000. Katika taarifa yangu ya mwaka ule niliiandika tofauti hiyo kama akiba iliyotokana na usimamizi mzuri, na mkanipigia makofi. Niliyakumbuka makofi hayo nikiwa nimepiga magoti mbele ya soketi nyeusi.

Diploma yangu ya uhasibu inanidai. Nilifundishwa kwamba bei mbili haziwezi kulinganishwa kama hazinunui kitu kimoja. Ile ya 180,000 haikuwa bei nafuu ya kazi ileile. Ilikuwa kazi nyingine, nusu kazi, na nusu iliyobaki ilikuwa deni ambalo halikuandikwa popote.

*Umeme wetu uliingiaje sasa?*

Hili ndilo swali ambalo wanachama wanne wameniuliza, na ni swali zuri. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ipo, na EWURA ndiyo inayotoa leseni kwa watu wanaoruhusiwa kusuka nyaya. Leseni hizo zina madaraja, mwingine anaruhusiwa nyumba ya kawaida, mwingine mpaka kiwanda. Ukitaka kuunganishiwa umeme unatakiwa uwe na fomu na mchoro wa mkandarasi mwenye leseni, na TANESCO wanaitazama nyumba kabla ya kuleta mita. Kwenye karatasi mlango umefungwa vizuri.

Lakini wote tunaishi mitaani na tunajua inavyokwenda. Kishoka anasuka nyumba, kisha anatafuta mwenye leseni wa kugonga muhuri kwenye fomu bila kufika eneo la kazi. Mwenye leseni anapata chake, kishoka anapata chake, mwenye nyumba anapata umeme na anashukuru. Ya kwetu ilipita hivyo. Muhuri upo kwenye fomu, na aliyeugonga sijawahi kumwona sura. Simtaji, kwa kuwa nikimtaja yeye nitalazimika kumtaja na aliyepokea fomu hiyo bila kuuliza, yaani Katibu wenu.

Na tuseme nyumba ilisukwa vizuri na ikakaguliwa kwa haki. Ilikaguliwa siku ile. Baada ya hapo hakuna anayerudi. Mwenye nyumba anaongeza vyumba vya uani, anavuta waya kutoka sebuleni. Mpangaji analeta friji. Duka linafunguliwa barazani, saluni inaingia na madrai yake. Jirani anaomba "nivutie hata taa moja", ingawa kumuunganishia jirani umeme wa mita yako hakuruhusiwi. Nyumba iliyokaguliwa na nyumba tunayolala leo ni nyumba mbili tofauti, zenye mita moja.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua majengo ya biashara na ya watu wengi kwa habari ya moto. EWURA inashughulika na leseni za mafundi. TANESCO wanashughulika na njia yao mpaka kwenye mita. Halmashauri inatoa kibali cha ujenzi kabla ukuta haujasimama. Nyumba ya kupangisha yenye vyumba saba na familia saba imeangukia katikati ya wote hao, na ndiyo nyumba ambayo wengi wetu tunaishi.

Mwezi wa nne, wakati wa mvua kubwa, binti wa mwanachama wa shina letu la chini alipigwa shoti na waya wa kuanikia nguo. Si waya wa umeme, waya wa kuanikia nguo! Ulikuwa umefungwa kwenye boriti ya banda la mabati, na ndani ya banda kuna kebo iliyochunika ngozi ikigusa bati. Mabati yote yalikuwa na umeme na hakuna aliyejua mpaka ardhi ilipolowa na mtoto akashika nguo mbichi. Amepona, tunamshukuru Mungu, ila vidole viwili vya mkono wa kulia bado havikunji vizuri. Kama banda lile lingekuwa na ethi ya kweli, na ile breka yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T, umeme ungekatika wenyewe. Breka hizo zinazofungwa majumbani hukata zikihisi umeme unaovuja kiasi cha miliampia 30, na zinakata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Bei yake haifiki ada ya muhula mmoja ya shule nyingi za binafsi hapa mjini.

*Kwa nini hili ni la Tawi*

Ndugu yetu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, alinipigia kusema mambo ya soketi ni ya TANESCO na Chama kisijiingize. Mwingine alisema wazi zaidi: wenye nyumba ni wanachama wetu na ni wapiga kura, tukianza kuwasumbua na ukaguzi watatununia. Nawajibu wote wawili hapa hapa.

Kwanza, mimi ni mwenye nyumba. Nina vyumba vitatu vya kupangisha na sijawahi kuvikagua tangu nivijenge. Sisemi kama mtu aliyesimama ng'ambo ya mto.

Pili, wapangaji ni wengi kuliko sisi na wao pia wana kadi.

Tatu, na hili ndilo linalonitia haraka: Serikali imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Sisi wenyewe tumelisemea jambo hili mikutanoni, na akina mama wameanza kununua majiko ya presha ya umeme. Ni jambo jema, mkaa umetumaliza mifuko na vifua. Lakini chukueni nyumba yangu ya mfano ya vyumba saba. Ilisukwa wakati kila chumba kina taa moja na redio. Jiko moja la presha ni kama wati 1,000. Saa 12 jioni vyumba vyote saba wakiweka maharage kwa pamoja ni wati 7,000, zaidi ya ampia 30, kabla hujahesabu friji na pasi. Tunawahimiza watu waongeze mzigo juu ya nyaya ambazo hakuna anayejua hali yake. Anayehimiza jambo ana wajibu wa kutazama kama njia inalibeba.

*Tunachopendekeza*

Kamati ya Tawi ilikaa jana usiku. Hatukukubaliana kwa yote, na nitasema tulipotofautiana.

Tulilokubaliana ni kwamba ofisi yetu itasukwa upya kabla ya kununua viti. Najua viti 100 vilishaahidiwa na vijana wameshapeleleza bei. Mkandarasi ametupa Sh 690,000 kwa kazi yote, pamoja na kung'oa za zamani. Safari hii malipo yatakuwa kwa awamu mbili, ya pili baada ya kazi kupimwa mbele ya wajumbe watatu. Namba ya leseni itaandikwa kwenye hati ya malipo na itathibitishwa EWURA kwanza. Risiti ya mashine lazima. Mpaka hapo, ofisini ni taa tu. Chai tutanunua kwa mama lishe wa jirani.

Jambo la pili ni hoja ya kupeleka kwenye mkutano wa mtaa. Hapa naomba tuelewane vizuri, maana nimesikia wengine wakisema "mtaa utunge sheria". Mtaa hauwezi. Kijiji, kupitia halmashauri ya kijiji, kinaweza kutunga sheria ndogo, lakini sisi tuko mjini, na huku mamlaka hiyo ni ya halmashauri ya manispaa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982. Rasimu inapita kwenye baraza la madiwani, wananchi wanatangaziwa watoe maoni, kisha inakwenda kwa Waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ni safari ndefu. Kwa hiyo tunachoomba mtaani ni azimio, diwani wetu alibebe. Azimio liseme: nyumba za kupangisha, gesti na vibanda vya biashara vikaguliwe nyaya zake na mtu mwenye leseni kila baada ya miaka 5, na ripoti ibandikwe au apewe mpangaji.

Miaka 5 hatukuiota. England, ambako tuliazima hii plagi ya pini tatu na sehemu kubwa ya taratibu za kusuka nyaya, tangu Aprili 2021 kila mwenye nyumba binafsi ya kupangisha anatakiwa nyaya zake zikaguliwe angalau kila miaka 5, na mpangaji aliyepo apewe nakala ya ripoti ndani ya siku 28. Tuliazima plagi, tukaacha ukaguzi.

Tulipotofautiana ni hapa. Wajumbe wawili walisema ukaguzi utageuka mradi wa watu kula. Mkaguzi atakuja, atasema nyumba mbovu, atakupa namba ya fundi wake, ukikataa hupati karatasi. Siwezi kusema hofu hiyo ni ya bure, nimeona mambo. Pendekezo langu, ambalo halijapitishwa, linatoka moja kwa moja kwenye vitabu vya uhasibu: anayeidhinisha malipo asiwe anayelipa. Hivyo hivyo, anayekagua nyumba asiruhusiwe kuitengeneza, wala kupendekeza wa kuitengeneza, na ada yake ijulikane na ibandikwe ofisi ya mtendaji. Mwenye nyumba apewe muda wa kurekebisha kabla ya adhabu yoyote, kwa sababu nyumba nyingi za hapa ni za wajane na wastaafu ambao kodi ya vyumba ndiyo pensheni yao. Wajumbe hao wawili bado hawajaridhika. Waje Jumamosi waseme mbele ya wote.

*Wakati tunasubiri*

Kuna mambo ambayo hayahitaji diwani. Kama boksi lako la breka lina kitufe cha T, kibonyeze leo. Kikikata umeme, kipo hai, rudisha swichi juu uendelee na shughuli. Kisipokata, au kama huna kabisa, mwite mwenye leseni. Breka inayokatakata inakwambia kitu, usikubali fundi aibadilishe kwa kubwa zaidi bila kutazama waya. Soketi ya moto, ya kahawia au inayotoa cheche, acha kuitumia usiku huu huu. Birika, pasi na jiko visikae kwenye ekstensheni moja. Ukinunua waya, soma maandishi kwenye ganda lake na utafute alama ya TBS, maana zipo nyaya zinazouzwa kama 2.5 ambazo ukizichuna unakuta shaba nyembamba kuliko ya taa. Moto wa umeme usiumwagie maji, zima mein swichi kama unaifikia, toa watu, piga 114. Na boksi msilifungue wenyewe, hata vijana wetu wa VETA ambao hawajapata leseni. Nawapenda, ila subirini.

Kikao cha wanachama wote ni Jumamosi saa 9 alasiri, chini ya mwembe wa shule ya msingi, kwa sababu ofisini hakuna spika. Mkandarasi atakuwepo na soketi yetu iliyoungua mtaiona kwa macho, nimeiweka kwenye bahasha pamoja na ile hati ya malipo ya Sh 180,000. Wenye nyumba za kupangisha mje na fomu zenu za kuunganishiwa umeme kama bado mnazo, tutazame pamoja muhuri ni wa nani na kama alifika. Mimi nitakuja na ya kwangu.

Kundi hili ni la matangazo tu, mwenye maoni anitumie faragha au amwone balozi wake kabla ya Ijumaa jioni.

Nawasilisha.

Katibu wa Tawi